Nilikataa Kazi ya Mwanangu Bila Yeye Kujua

Bi Genoveva, mshauri wetu wa kila Jumamosi, naomba unishike mkono kabla mwezi wa tisa haujaisha, kwa sababu nimefanya jambo ambalo hata kwa padri nililizungukazunguka tu, nikasema nimedanganya, akaniuliza nimemdanganya nani, nikasema watu, akanipa sala za toba nikaondoka, lakini mzigo nilirudi nao nyumbani Bukiriro kama nilivyokwenda nao.

Jina langu ni Domisiana, nina miaka sitini na tatu, nimefundisha shule ya msingi hapa wilayani Ngara miaka thelathini na minne na sasa nimestaafu. Mume wangu alifariki mtoto wetu akiwa kidato cha tatu, na mtoto mwenyewe ni huyo mmoja tu, wa kike, anaitwa Akimana. Usije ukanihurumia kwa maisha, maisha ninayo, nina migomba yangu, nina kahawa, nina ng'ombe wawili wa maziwa, majirani ni wazuri na afya ninayo, na kama si jambo hili ningesema Mungu amenipa uzee mtamu.

Akimana yuko Uswidi, huu ni mwaka wa tisa. Alikwenda kusoma shahada ya pili, akaunganisha na ya tatu, kisha wakamchukua kwenye maabara yao, na kazi yake ni ya hadubini kubwa kuliko kabati la nguo, inayopiga picha za vitu vidogo mno vikiwa vimegandishwa. Yeye anachunguza kijidudu kinacholeta ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama wetu. Alipokuja likizo mwaka juzi aliniachia simu yake ya batani yenye laini yake ya hapa nchini, akaniambia, "Mama, hii usiizime, ndiyo namba niliyoandika kwenye mambo yangu yote ya Tanzania." Nami nikawa naiweka juu ya kabati, naichaji kila Jumapili.

Mwezi wa tatu mwaka huu, asubuhi, naanua maharage, simu ile ikaita. Alikuwa msichana mwenye adabu sana, akaniuliza kama anaongea na Dokta Akimana, nikamwambia mimi ni mama yake, akasema anapiga kutoka chuo kikuu kimoja cha hapa nchini, nisikitaje, wanatafuta wahadhiri wa fani hiyo ya hadubini ya kugandisha, Akimana ameomba, maombi yake yamependwa, na wanampigia kila mwombaji kuhakikisha kama bado anaitaka kazi kabla hawajaitisha usaili. Bi Genoveva, mimi nilikuwa sijui kama ameomba. Hakuniambia. Na kabla sijafikiri, kinywa changu kikasema, "Hapana mwanangu, amepata kazi nyingine huko huko, tena anakaribia kuolewa. Mwacheni." Msichana akasema, "Haya mama, tunashukuru, tutaandika kwamba amejitoa." Hazikufika dakika mbili. Nikarudi kwenye maharage yangu.

Habari ya kuolewa niliitunga palepale.

Sasa nikueleze kwa nini, maana sikufanya kwa ubaya. Kaka yangu ana mtoto anaitwa Juvenali, naye alisoma Ulaya, Ubelgiji, mambo ya udongo, akarudi na shahada yake ya tatu tukamchinjia mbuzi, akaajiriwa mahali nisipopataja akaambiwa mashine za maabara ziko njiani, na zikakaa njiani miaka minne. Nilimwona kwa macho yangu likizo moja amekaa sebuleni kwa kaka, shati limepigwa pasi, viatu vimeng'aa, na hana pa kwenda. Mwisho aliacha kazi, sasa ana duka la dawa za mifugo Biharamulo mjini, na watu wa huku wanamwita Dokta wa Dukani. Niliposikia chuo, niliposikia maabara, nilimwona Akimana wangu amekaa kwenye kile kiti cha kaka.

Hiyo ni sababu ya kwanza na ungeweza kunisamehe kwa hiyo. Ya pili ndiyo inayonichoma. Hapa kwenye jumuiya yetu mimi naitwa Mama Uswidi. Nikifika napewa kiti cha mbele. Wazazi wananiletea watoto wao niwashauri masomo, wanawake wananishika mkono wakiniuliza kule baridi ikoje, nami nawaeleza kama niliyewahi kufika. Akirudi akawa mhadhiri wa hapahapa, nitakuwa kama mama wengine wenye watoto waajiriwa. Nimeona aibu kuandika sentensi hii lakini ni ya kweli.

Mwezi wa nne Akimana akapiga akaniuliza, "Mama, kuna mtu yeyote alipiga ile simu ya batani?" Nikasema hakuna, labda mtandao, maana mtandao wa huku milimani unaujua. Halafu akasema, "Basi. Nadhani hawakunitaka." Sauti ilishuka, niliisikia inavyoshuka, nami nikaanza kumweleza habari za mvua.

Ningeishia hapo labda ningesahau, lakini mwezi wa saba likasimama gari hapa nyumbani, akashuka mtu wa makamo, mnene kidogo, ameshika mfuko wa mchele. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu." Akasema anaitwa Dokta Ndassa, ni mkuu wa idara kwenye chuo kilekile, kwao ni Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, wazazi wake ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, amekuja likizo kwao akaona asirudi kazini bila kunifikia, kwa sababu yule waliyempata kwenye usaili wa kwanza ameghairi akaenda nchi nyingine, na kazi imetangazwa upya.

"Mama, nimeambiwa mwanao alijitoa," akasema. "Namheshimu kwa hilo. Lakini nilisoma maombi yake mara tatu. Mimi ni mkemia, mashine ile siiwezi. Nimemtafuta mtu wa fani hii mwaka mzima."

Nikamuuliza, kwa kujifanya sijali, hiyo mashine inafanya nini hasa. Akaweka kikombe chini. "Mama, ukigandisha nyama polepole, maji yaliyomo yanakuwa chembe za barafu zenye ncha, zinaichanachana. Hawa wanagandisha kwa kufumba na kufumbua, maji yanabaki laini kama kioo, na kile kitu kinabaki na umbo lake la uhai. Kisha wanakipiga picha maelfu kwa elektroni. Kila picha moja ina ukungu, lakini kompyuta ikizijumlisha zote, umbo linajitokeza. Ukishajua umbo la kijidudu, mwenye kutengeneza dawa anajua pa kukishika. Baba yangu alipoteza ng'ombe kumi na tisa kwa ndigana msimu mmoja. Hakuna aliyejua pa kuishika."

Nikamuuliza hiyo mashine ipo. Akaniangalia machoni. "Kubwa bado haijanunuliwa, mama. Ipo ndogo. Sitakudanganya."

Hakunidanganya, Bi Genoveva. Mimi ndiye niliyemdanganya. Aliomba namba ya Akimana ya Uswidi, amuulize mara moja tu, akisema hapana basi. Nikaenda ndani nikaleta daftari, nikamsomea, na tarakimu ya mwisho ambayo ni nne nikasema saba. Alikula ndizi na maharage yangu, akabeba sahani yake mwenyewe kupeleka jikoni, akanishukuru, akaondoka. Tangu hapo amenipigia mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Mama, ile namba anapokea mzee mmoja, anajibu kwa lugha ya kwao, naye sasa ameshaizoea sauti yangu." Nikasema labda ni mtandao wa kule.

Jumapili iliyopita Akimana amepiga. Waswidi wamempa mkataba wa kudumu, anatakiwa ajibu kabla ya tarehe thelathini Septemba. Nilitegemea afurahi. Akasema, "Nitasaini tu, mama. Kwetu niliomba, hawakunijibu hata neno hapana." Na tangazo la pili la chuo cha Dokta Ndassa linafungwa tarehe kumi na mbili mwezi huohuo.

Nikimwambia, huenda asinisamehe, na sina mtoto mwingine. Nikinyamaza, atasaini, atakuwa na kazi nzuri yenye mashine yake, na hakuna atakayejua. Niambie, Bi Genoveva, je, si afadhali ninyamaze tu, maana mwisho wa yote yeye ndiye atakayefaidika?

Wako, Domisiana, Bukiriro, Ngara

*

GENOVEVA ANAJIBU

Shikamoo mama Domisiana. Nimekuamkia kwanza kwa sababu umenizidi miaka minane. Sasa niruhusu nikukaripie.

Umeuliza swali ukiwa umeshika jibu lake, na jibu hilo silitoi. Hapana, si afadhali unyamaze. Na usiseme kwamba yeye ndiye atakayefaidika, maana mwenye kufaidika na kimya hicho ni wewe peke yako.

Unaandika kama vile tatizo ni Uswidi au Tanzania. Hilo si tatizo, na wala halinihusu mimi wala wewe. Wapo watu wazima wenye akili zao wanaochagua kukaa, na wapo wanaochagua kurudi, na wote wanaishi. Tatizo ni kwamba tangu mwezi wa nne mwanao anaamini kwamba nchi yake ilitazama makaratasi yake ya miaka tisa ikayaweka pembeni bila kumwambia neno. Umemwachia kidonda ambacho hajui kimetoka wapi. Hicho ndicho ulichomfanyia. Kazi inaweza kutangazwa tena, kama ulivyoona. Miezi mitano ya kujiona hufai hairudishwi na tangazo.

Wewe ni mwalimu. Ungemkuta mzazi amekaa kwenye dawati la mtihani, anamjazia mwanawe majibu, tena ya uongo, ungemwambia nini? Najua ungemwambia nini. Jiambie.

Nimesoma habari ya Juvenali mara mbili, na hapo nimekuelewa, mama. Hofu yako haikutoka hewani. Uliona kijana wa ukoo wako anavunjika taratibu, na mzazi yeyote aliyeona hivyo angeshtuka simu ile ilipoita. Ila hofu ya namna hiyo mtu humpa mwanawe kama swali. Ungesema, "Mwanangu, umeuliza kama mashine ipo?" Hilo lingekuwa shauri la mama mwenye busara. Wewe uliichukua hofu yako ukaifanya hukumu, ukaisoma kwenye simu kwa niaba yake, ukarudi kuanua maharage. Halafu kuna jambo jingine. Umeniambia Juvenali alivaa nini, alikaa wapi, na watu wanamwitaje. Hujaniambia yeye mwenyewe anasema nini. Umewahi kumuuliza? Biharamulo si Ulaya, basi lipo.

Kuhusu kiti cha mbele pale kwenye jumuiya, umejisema mwenyewe na inatosha, sikuongezei. Wanawake wale wanakushika mkono kwa sababu uliwafundishia watoto wao kusoma. Ukidhani ni kwa sababu ya Uswidi, unawadharau.

Tuje kwenye la kufanya. Usisubiri Jumapili. Mpigie Akimana leo, akiwa ametoka kazini, na umuulize kwanza kama amekaa mahali pa kuweza kusikiliza. Usianze na mvua. Usianze na machozi pia, maana ukilia wewe, yeye itabidi akubembeleze, na leo si zamu yake. Mwambie chuo kilipiga mwezi wa tatu, walimtaka, wewe ulisema hapana. Mwambie Dokta Ndassa alikuja nyumbani na namba uliyompa ni ya uongo. Mwambie tarehe kumi na mbili. Kisha mpe namba ya Dokta Ndassa, na hapo unyamaze kweli, maana ndipo kimya chako kinapohitajika. Usimwambie arudi. Usimwambie abaki. Akikata simu, mwache. Usimtume shangazi, usimtume katekista, usimtume mtu yeyote kwenda kukuombea. Atapiga akiwa tayari, au hatapiga, na vyote viwili utavibeba, kwa kuwa ni vyako.

Hilo likishapita, mpigie Dokta Ndassa. Yule baba wa watu anagombana na mzee wa Uswidi asiye na kosa. Mwambie ukweli wote, ikiwemo kwamba mwanao hakujitoa, kwa sababu kwenye jalada lao imeandikwa kwamba alijitoa, na jopo la usaili litalisoma jalada hilo. Ukimwambia mwanao tu ukaacha jalada lilivyo, utakuwa umetengeneza nusu.

Na ninyi mnaoajiri kwenye vyuo, mkisoma ukurasa huu, nina neno nanyi. Mnatafuta mtu adimu mwaka mzima, mnampata, kisha mnamfuta kwa simu moja aliyopokea mama yake? Hata barua pepe hamkuandika? Mtu hujitoa kwa kinywa chake. Dokta Ndassa amejitahidi kufika mpaka Bukiriro, nampa heshima yake, lakini ingetosha ofisi yake ingeandika mistari miwili.

Mama Domisiana, hujampoteza mwanao. Umempotezea muda na umempotezea imani, na kimoja kati ya hivyo bado unaweza kukirudisha kabla jua la leo halijazama. Acha kusoma, piga simu.

Genoveva

*

Jibu hilo nilimtumia mama kwa simu mwishoni mwa Agosti, kwa sababu tarehe zisingesubiri zamu ya gazeti. Barua ifuatayo imenifikia mwezi huu wa Novemba, naye ameridhia barua zote zichapwe pamoja na majina ya waliotajwa, kwa kibali chao wote.

*

Bi Genoveva, shikamoo yako niliipokea lakini karipio lilinikalisha chini. Nilimpigia Akimana saa kumi na mbili na nusu jioni siku ileile. Nilifanya kama ulivyosema, sikulia, nilimwambia yote mpaka ile nne niliyoifanya saba.

Kisha akauliza, "Mwezi wa tatu?"

"Mwezi wa tatu."

"Mama, mimi niliyasoma yale maombi yangu upya neno kwa neno. Nikawa natafuta nilikosea wapi. Nikamwomba profesa wangu naye anitafutie."

Akasema anakata simu, akakata.

Zilipita siku nne. Sikumtuma mtu. Siku ya pili nilipanda basi nikaenda Biharamulo kwa Juvenali, maana swali lako lilikuwa limenikaa kooni. Nilimkuta anamweleza mfugaji mmoja jinsi ya kupima dawa ya kuogesha ng'ombe, anamweleza kwa Kisukuma, taratibu, kama anafundisha darasa. Mfugaji alipoondoka nikamweleza Juvenali kila kitu, nikamuuliza kama anajuta kurudi. Akashangaa. "Shangazi, kurudi sijutii hata kidogo. Najuta nilisaini bila kuuliza." Hapohapo akachana karatasi kwenye kitabu cha risiti akaanza kuandika: mashine imenunuliwa au imeahidiwa, na ahadi imeandikwa wapi, ikiharibika anakuja nani, umeme ukikatika inakuwaje, sampuli zikihitaji mashine kubwa zinakwenda wapi. Akapiga picha ile karatasi akamtumia Akimana moja kwa moja, mambo ya binamu wawili, mimi sikuhusishwa.

Siku ya nne Akimana akampigia Dokta Ndassa. Nasikia waliongea karibu saa mbili. Alimuuliza yote ya Juvenali na ya kwake mengine. Dokta akamjibu kwamba mashine kubwa haipo na hana hakika kama itapatikana kabla ya miaka mitatu, kwamba ile ndogo inatosha kuangalia kama sampuli imeganda vizuri, nyingine zitasafirishwa zikiwa zimeganda kwenda kwa wenzao wenye mashine, na kwamba ile naitrojeni ya baridi kali ya kugandishia itatoka kwa watu wa uhimilishaji wa ng'ombe, ambao wanayo siku zote kwa kuhifadhia mbegu za madume. Akimana aliniambia baadaye kwamba ni hapo ndipo alipocheka, akajua anaongea na mtu anayeifahamu nchi yake.

Mimi nami nilimpigia Dokta Ndassa kuungama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia, mama. Sasa yule mzee wa Uswidi nitamwambia nini?" Akacheka, nikacheka na aibu yangu. Lakini alipomaliza kucheka aliniambia ataliandika jaladani kama lilivyo, na aliliandika.

Akimana alituma maombi tarehe tisa, akawaomba Waswidi wamwongezee mwezi, wakamwongezea. Oktoba akaja kufanya usaili ana kwa ana, akafundisha somo la mfano mbele ya jopo. Dokta Ndassa alinisimulia kwamba mwenyekiti alimuuliza Akimana habari ya kujitoa mara ya kwanza, naye akajibu, "Kulikuwa na kutoelewana nyumbani, na tumekumaliza." Hakuongeza neno. Ningekuwa mimi nimefanyiwa vile, sijui kama ningejibu kwa kifupi hivyo.

Wamempa kazi. Anaanza Februari, na kule Uswidi wamekubali awe anarudi miezi miwili kila mwaka kutumia mashine yao, akiwa na mwanafunzi wake mmoja wa hapa. Sharti hilo alilidai yeye kabla ya kusaini, likaandikwa kwenye mkataba, na Juvenali ameusoma.

Usinifikirie kwamba mambo yamekuwa kama zamani. Laini yake ameichukua. Akiniambia jambo sasa anatua kidogo kwanza, kama anayepima, na najua ni mimi niliyemfundisha kupima. Lakini alikaa nami hapa siku sita kabla hajarudi kufunga mizigo yake, tukapalilia kahawa pamoja, na siku ya mwisho tukiwa shambani nilijikaza nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nadhani, "Akimana, wewe mwenyewe umeridhika?"

Akaegemea jembe. "Nimeridhika. Ila nikwambie, mama, usije ukajidanganya. Sirudi kwa ajili yako. Narudi kwa ajili ya kazi. Wewe ni nyongeza."

Nikamwambia nyongeza inanitosha, tukaendelea kupalilia.

Domisiana